Mtoto amezidiwa: tumshike, tumfungie au tumwache?

Jirani yangu mmoja huku Mbagala, Dar es Salaam, anauza vitumbua. Huamka saa kumi alfajiri, na saa kumi na mbili anatakiwa awe kituoni na beseni lake, wateja wakiwa bado wengi. Mwanawe ana miaka 13, ana usonji (autism), hasemi, na akikuta geti wazi hutoka mbio mpaka barabarani. Kwa muda mrefu mama huyu alikuwa akimfunga mguu kwa kanga kwenye tendegu la kitanda mpaka arudi saa nne. Siku afisa ustawi wa jamii alipokuja, mtaa ukagawanyika. Wapo waliotaka mama apelekwe polisi. Wapo waliosema mwacheni, kwani nyinyi mtamlea?

Siku ile nilikuwa upande wa afisa. Na bado nasema kamba ni kosa, ila nadhani tuligombania hatua ya mwisho tukaziruka zote za kabla yake.

Kisheria hoja ni nyepesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza mateso na vitendo vya kumdhalilisha mtoto. Zanzibar ina sheria yake ya 2011. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unasema ulemavu peke yake hauwi sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Wala hili si la Mbagala tu: ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilikuta watu wenye matatizo ya akili wakifungwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo. Ukiiacha sheria kando, kanga yenyewe ina madhara yake. Inachubua ngozi, inadhoofisha misuli, na nyumba ikishika moto mtoto aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Lakini sikiliza upande wa pili, maana si upande wa wakatili. Mama aliniambia, "Baba, mwaka juzi bodaboda ilimkosa kwa kiganja. Haki zake atazidai akiwa maiti?" Hilo si swali la kupuuza. Hata wataalamu kuna wakati wanamzuia mtoto kwa mikono, anapokaribia kuruka dirishani au kumng'oa mdogo wake jicho. Tofauti yao na kanga ni muda na nia. Wao wanazuia kwa dakika chache, wakiangalia anavyopumua, na wanaachia hatari ikipita. Kanga inazuia saa nne, kila siku, awe ametulia au hajatulia.

Hapa niseme jambo moja ambalo kila mjomba na kila mlinzi wa shule angepaswa kulijua. Usimlaze mtoto kifudifudi ukamkalia au ukamkandamiza mgongoni. Hewa hukatika. Naye akifurukuta kutafuta pumzi, anayemshika huona anazidisha ukorofi, basi huongeza uzito. Watu wamekufa hivyo, tena wengine mikononi mwa watu waliofunzwa.

Tatizo kubwa zaidi naliona kwenye maneno yetu. Mtoto akijitupa chini ndani ya daladala, akipiga kichwa kwenye kiti, abiria wana majina mawili tayari. La kwanza ni "anadeka", na dawa yake ni kiboko. La pili ni "amepandisha", na dawa yake ni kombe, ubani au maombi. Viboko sitavijadili sana: mtoto ambaye hawezi kueleza kinachomuuma hafundishwi kukieleza kwa kuongezewa maumivu. Dua nayo siwezi kumzuia mzazi, ila isichukue nafasi ya zahanati. Tunalo neno la tatu, tunalitumia kwa wagonjwa wa homa na wanawake wenye uchungu, na ndilo linalomfaa mtoto huyu: amezidiwa.

Anayedeka huangalia kama unamtazama, na akipewa pipi hunyamaza. Aliyezidiwa hata umpe duka zima. Kelele, joto, mkanda unaobana, njia iliyobadilishwa ghafla, vyote vimejaa mpaka vikamwagika. Kwa wakati huo maneno hayamfikii, kwa hiyo kumhubiria ni kumwongezea kelele. Kinachosaidia ni kidogo na hakipendezi machoni pa watu: nyamaza, rudi nyuma hatua mbili, ondoa watoto wengine na vitu vyenye ncha, zima redio, subiri. Ni rahisi kuwatoa watu chumbani kuliko kumtoa yeye. Akianza kushuka usimdai msamaha papo hapo, kwani huweza kupanda tena.

Sitaki kuifanya tofauti hiyo iwe safi kuliko ilivyo. Mtoto aliyeanza kwa kuzidiwa, kila mara akitulizwa kwa soda, baada ya miezi atajifunza kwamba kelele huleta soda, na hapo mzazi ana mambo mawili kwa mpigo. Wanaosema "msimwendekeze" hawajakosea kabisa, wamekosea saa. Mipaka hufundishwa asubuhi mtoto akiwa ametulia, haifundishwi akiwa sakafuni anatoka jasho.

Na kabla ya kuita tabia, tafuta ugonjwa. Jino lililooza, sikio linalotoa usaha, choo kigumu, malaria, hedhi ya kwanza kwa binti asiyeweza kusema tumbo linamkata. Kifafa huwapata watoto wenye usonji na ulemavu wa akili kuliko watoto wengine, na mtoto aliyetoka kwenye degedege anaweza kuamka amevurugikiwa akapiga yeyote aliye karibu. Kijana aliyekuwa mzima, kisha akiwa na miaka 15 au 16 akaanza kusikia sauti na kuhisi anawindwa, huyo ana habari nyingine. Huenda ni ugonjwa wa akili unaohitaji tiba mapema, na kumwambia mama yake "mvumilie tu, ana usonji" ni kumpoteza.

Kwenye dawa za kutuliza ndiko wazazi wanakovutana zaidi. Wapo wanaoziona kama kamba iliyowekwa kwenye kidonge, na wapo wanaosema ndizo zilizowarudishia usingizi. Nimeona kila upande una ushahidi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapa watoto 101 wenye usonji ama risperidoni ama kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki nane, asilimia 69 ya waliopata dawa walikuwa wametulia vya kutosha, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao. Waliopata dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7 katika wiki hizo chache. Mwaka 2008, utafiti mwingine, huu wa watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili huko Uingereza, Wales na Australia, waliopewa risperidoni, haloperidoli (dawa nyingine ya kutuliza) au kidonge kisicho na dawa, ukakuta ukali ulipungua kwa wote, na ulipungua zaidi kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa. Watu wazima si watoto, na ulemavu wa akili si usonji, kwa hiyo mmoja haufuti mwingine. Ninachokisoma ni kwamba dawa inaweza kusaidia, lakini kuna utulivu unaotokana na mtu kuanza tu kufuatiliwa. Mtoto anayepewa haloperidoli mwaka mzima bila kupimwa uzito, bila mtu kuuliza kama shingo inakakamaa, huyo kwangu kweli amefungwa kamba.

Kwa jirani yangu kilichobadilisha mambo kilikuwa daftari la shilingi mia tano. Muuguzi wa kliniki alimwambia achore safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, kilichofuata. Hajui sana kuandika, dada yake alimsaidia. Baada ya wiki tatu wakaona kwamba siku mbaya zote zilianza na jenereta la kinyozi wa jirani. Umeme ukikatika, jenereta linawashwa, mtoto analipuka. Wakahamishia godoro chumba cha nyuma. Komeo la geti likapandishwa juu asikoweza kufika. Kwa zile saa nne za asubuhi, fundi cherehani mwenye kibanda mkabala nao amekubali kukaa naye kwa vitumbua vitano na chai. Mtoto hupanga vipande vya vitambaa kwa rangi, na hafungwi.

Afisa ustawi wa jamii hajarudi, na sidhani kama ni uzembe. Anahudumia kata nzima kwa miguu. Fundi cherehani anasema mwakani anahamia Chanika. Mtoto amenyanyuka, kimo chake kinakaribia cha mama, na komeo lile la juu sasa analigusa kwa ncha za vidole.