Rangi ya umeme kwenye treni za mfano: inapimwa kwa mizani isiyo yake

Wajenzi wengi wa treni za mfano wakitajiwa rangi inayopitisha umeme, ile ya kupaka kwa brashi mahali pa waya, hujibu kwa maneno mawili: si waya. Ni kweli, si waya. Ila sioni nani alisema lazima iwe waya.

Wanaoipinga tuwape haki yao kwanza. Rangi inayofahamika zaidi, ile ya kampuni ya Bare Conductive ya London, ni kaboni iliyochanganywa kwenye maji. Ukiichora kupeleka umeme relini, kichwa cha treni hakitajongea hata inchi. Mota ya treni ya kipimo cha OO (uwiano wa 1:76), ambacho Waingereza wengi hukitumia, huhitaji mamia ya miliampia, na mstari wa rangi hautoi hata moja ya kumi ya hayo. Kwenye DCC, mfumo wa kuongoza treni kwa amri za kidijitali zinazopita relini, ni vibaya zaidi. Mfumo huo hujilinda kwa kuona mkondo ukipanda ghafla shoti inapotokea. Njia yenye ukinzani mkubwa, yaani inayoupinga umeme sana, huuzuia mkondo usipande, na kikatishaji umeme kinabaki kimya. Kwa hiyo umeme wa relini upite kwenye waya wa shaba, na sidhani mtu mwenye akili timamu atabisha.

Taa ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo penye hesabu ambayo watu hawaifanyi. Ukinzani wa rangi hiyo hutajwa kwa mraba: kila mraba, uwe wa milimita 5 au wa mita nzima, una takriban omu 55 tabaka likiwa na unene wa maikroni 50. Chukua ukuta wa nyumba ya OO wenye kimo cha sentimita 10, yaani jengo la mita 7.6 kwa uwiano wa 1:76. Chora mstari wa upana wa milimita 5 kutoka chini hadi dari. Hiyo ni miraba 20, sawa na omu 1,100. Chora wa kurudi, jumla omu 2,200. Kwenye umeme wa volti 12, LED nyeupe hula kama volti 3, zinabaki 9. Gawanya, unapata miliampia 4.

Anayepinga ataona omu 2,200 na kusema nilikwambia. Lakini mwulize yeye LED yake ameifungaje. Atakwambia ameweka rezista, kifaa kidogo cha kupunguza mkondo, kwa kawaida ya omu 1,000, na mara nyingi akaibadilisha kwa kubwa zaidi, kwa sababu LED za siku hizi huwaka kupita kiasi na kituo kidogo cha kijijini, cha enzi za taa za gesi, kikaonekana kama uwanja wa mpira usiku wa mechi. Miliampia 4 zinamtosha na chenji inabaki. Kile anachokiita ubovu wa rangi ndicho kifaa alichokinunua dukani na kukichomea kwa risasi iliyoyeyushwa. Kwenye rangi kimekuja humo humo, kimetandazwa ukutani, na joto lake halifiki hata moja ya kumi ya wati. Taa ikiwa kali mno, punguza upana wa mstari. Ikiwa hafifu, pitisha brashi mara ya pili.

Nyumba za kadibodi, kama zile za Metcalfe, ndizo zinazofaa zaidi. Kuta zake ni bapa, kavu, hazijikunji, na upande wa ndani hauonekani. Risasi ya moto na kadibodi haviivani; rangi haihitaji moto wowote.

Kasoro moja nzito sisikii ikitajwa sana, nayo ni maji. Rangi hii hata ikikauka huyeyuka tena ikilowa. Na mandhari ya reli za mfano hujengwa kwa maji: kokoto za relini hunyunyiziwa maji kwanza, kisha hudondoshewa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa. Mstari uliopita juu ya ubao, chini ya kokoto hizo, utageuka tope jeusi. Vanishi isiyo ya maji huuokoa, lakini mbao zenyewe huvimba na kusinyaa kwa misimu, na rangi hupasuka penye maungio. Mimi ubaoni nisingeipitisha.

Pia usitundike taa nyingi kwenye mstari mmoja. Ya kwanza itang'aa, ya mwisho itafifia, kwani kila sentimita inakula volti. Kila taa ipewe njia yake, au mkanda wa shaba uwe shina na rangi iwe matawi. Ipo rangi ya fedha, ile ya kuziba mistari ya joto iliyokatika kwenye kioo cha nyuma cha gari, ambayo ukinzani wake ni mdogo mno, lakini bei yake inaumiza na faida ya rezista ya bure inapotea.

Kwenye nguzo za taa za barabarani nakubali kushindwa: waya mwembamba wenye vanishi, unaopita ndani ya bomba la shaba nyeupe, bado ni safi kuliko chochote cha brashi. Kwa ndani ya jengo, kazi halisi iko pale rangi inapokutana na waya wa kutokea chini. Doa la rangi juu ya ncha ya waya hung'oka jengo likiinuliwa mara moja tu. Chukua kipande cha mkanda wa shaba, ukichomee waya kwanza, ukigandishe kwenye ukingo wa chini wa ukuta, kisha uipandishe rangi juu ya shaba kwa sentimita nzima.