Haidrojeni ya maganda ya Kibuye? Tuanze na mapipa

Siku hizi kila mwenye mradi anataja haidrojeni. Sasa imefika kwenye matunda yaliyooza: mabaki ya soko la Kibuye, hapa Kisumu, yatiwe kwenye tangi, bakteria wayale, tupate gesi ya kuendeshea magari. Sayansi yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hayo magari.

Pita nyuma ya wauza matikitimaji Jumapili jioni, soko likiwa limefurika, uone kazi ilivyokwisha anza bila mtaalamu yeyote. Maembe yaliyopondeka yanatoa povu, maji yake yanachuruzika mtaroni, nyuki tele, na ule uchachu unakupiga puani kabla hujafika. Ukiufungia uchachushaji huo kwenye tangi lisiloingiza hewa, bakteria wa jamii ya Clostridium hula sukari na kuacha asidi, kaboni dioksidi na haidrojeni. Mbegu ya kuanzishia haiagizwi ng'ambo, kinyesi cha ng'ombe kinatosha. Ila huchemshwa kwanza, kwa sababu ndani yake mna vijidudu vya kutengeneza methani, ile gesi inayowaka ndani ya bayogesi, na vikibaki hai vitaitumia haidrojeni yote. Moto unaviua. Clostridium hujificha ndani ya spora zake ngumu, kisha mambo yakipoa huamka na kula. Ujanja huo naupenda, siwezi kukana.

Tabu iko kwenye hesabu. Molekuli moja ya glukosi, aina ya sukari, pamoja na maji, ingeweza kutoa molekuli 12 za haidrojeni, lakini kwa njia hii haivuki 4 hata kila kitu kikienda sawa. Chukua tani nzima ya nyama ya tikitimaji. Zaidi ya asilimia 90 ni maji, sukari ni kama kilo 60. Hapo hupati zaidi ya kilo 2.7 za haidrojeni, ambazo joto lake ni sawa na la kilo 7 hivi za gesi ya kupikia. Tani nzima, na mtungi wa kilo 13 umefika nusu tu! Tena hiyo ni kwenye karatasi, tangi la kweli hutoa pungufu. Bado hujaisafisha, hujaigandamiza, hujanunua mitungi ya kuhimili shinikizo hilo. Nani atalipa?

Nishati nyingine haijapotea, imo kwenye zile asidi. Zihamishie tangi la pili, uwape vijidudu vya methani, aina ile tuliyoiua mwanzo, navyo vitatoa gesi yenye nishati nyingi kuliko haidrojeni ya tangi la kwanza. Changanya gesi hizo mbili, zipikie ugali na samaki kwenye vibanda vya palepale sokoni. Bayogesi si ndoto kwetu: Gorge Farm kule Naivasha ulijengwa mtambo wa megawati 2.2 wa kuzalisha umeme kutokana na mabaki ya mimea. Lakini shambani mabaki hutoka yakiwa safi.

Kibuye ni hadithi nyingine. Mkokoteni mmoja hubeba maganda, nailoni, chupa zilizovunjika, majivu na mchanga wa kufagia. Mimina mzigo huo kwenye tangi, na baada ya muda mfupi pampu imeziba na mchanga umejaa chini. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na nyingine tangu zinapozalishwa. Mwenye kibanda atatenga vipi kama hana pipa, na akitenga, mwenye mkokoteni anazichanganya tena njiani?

Kwa hiyo kabla ya kumkaribisha mtu wa haidrojeni, kaunti iweke mapipa mawili kila safu ya vibanda, na mkokoteni wa maganda uwe wa maganda tu. Mama anayelipa ushuru wa soko naye apunguziwe kidogo akileta ndoo safi. Mtambo utafuata, na ukianza na methani peke yake, mimi sitalalamika.