"Leteni bei" ya nini?

"Anahitajika mkandarasi wa usafi na ulinzi, barabara zetu za Ngamiani. Leteni bei kabla ya Ijumaa." Basi. Tangazo zima la zabuni ndilo hilo, linazunguka kwenye magrupu ya wenye maduka hapa Tanga. Bei ya nini, jamani? Kufagia kutoka wapi mpaka wapi, mara ngapi kwa siku, taka ziishie wapi, mlinzi aingie saa ngapi? Hata fundi cherehani hakutajii bei ya kanzu kabla hajakupima.

Wenye maduka kuchangishana ili mtaa upate huduma ya ziada ni jambo zuri. Toronto, pale Bloor West Village, wamelifanya tangu 1970. Na kwa kuwa fedha ni za chama cha wenye maduka, si za umma, hakuna anayewalazimisha kupita NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Haya. Lakini kutolazimishwa ndiyo muokote bei gizani?

Anayetaka bei zinazolinganishika aanze na futi kamba. Pimeni kingo zote mbili, maana barabara ya mita 300 ina mita 600 za kufagia. Mitaro iandikwe peke yake, iliyo wazi mbali na iliyofunikwa, kwa sababu kunyanyua mfuniko wa zege kunataka watu wawili na nondo. Kisha hesabuni viroba vya taka siku 7 mfululizo, duka kwa duka, genge kwa genge. Siku moja haitoshi. Machungwa ya Muheza yakishamiri, maganda yakichanganyika na makumbi ya madafu, kiroba kilekile kinakuwa mzigo mwingine kabisa, na mkandarasi aliyepiga hesabu ya guta moja ataanza kuruka zamu mwezi wa pili.

Na mchanga, tafadhali. Mkiandika "kuzibua mitaro" tu, mtu atauchota mchanga, ataulaza ukingoni, atapiga picha, atalipwa. Mvua ya kwanza ya masika inaurudisha wote ndani, safari hii umeshikamana na chupa za plastiki. Sentensi inayokosekana ni fupi: mchanga uondoke siku hiyohiyo ulipotolewa, na kina cha mtaro kipimwe kwa fimbo yenye alama kabla ya malipo.

Kwenye ulinzi ndiko watu wanakojidanganya zaidi. Lindo moja usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanyeni: 3.7. Kwa hiyo lindo hilo linahitaji walinzi wanne, au watatu wenye malipo ya saa za ziada. Mzabuni aliyeleta bei ya wawili si nafuu. Amepanga mlinzi alale, au asilipwe. Kamati itampigia makofi, halafu "Tanga, waja leo waondoka leo" itamhusu yeye, na mtaa utatangaza zabuni upya.

Dawa yake ni jedwali moja ambalo kila mzabuni analijaza: idadi ya watu na zamu, mishahara, NSSF, vifaa (fagio, koleo, toroli, buti, glovu), usafiri, VAT. Msipoonyesha wapi VAT ikae, mmoja ataijumlisha na mwenzake ataiacha, tofauti ya 18% itaonekana kama ukarimu.

Kabla ya yote hayo, mmoja wenu aende halmashauri akaulize kwa maandishi ada ya taka mnayolipa sasa inagharamia nini. Sheria ya mazingira ya 2004 imewapa wao jukumu la taka ngumu. Msilipie mara mbili guta moja.

Nitaambiwa makaratasi haya yatawafukuza vikundi vya akina mama na vijana wa mtaani. Kwa shingo upande, nakubali kidogo. Basi gaweni kazi mafungu matatu: kufagia na mitaro, kuzoa, ulinzi. Kikundi kisicho na gari kitaomba la kwanza tu, na kampuni ya ulinzi yenye kibali haitalazimika kujifanya inajua kufagia. Mkataba mwaka mmoja, miezi mitatu ya mwanzo iwe ya majaribio.

Swali la mzabuni mmoja lijibiwe kwa wote. Bahasha zifunguliwe mbele yao, bei zisomwe kwa sauti.

Halafu hiyo "kabla ya Ijumaa". Mzabuni makini anataka autembee mtaa alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, arudi jioni magenge yakifungwa, aulize bei ya mafuta na ya tipa, aketi apige hesabu. Mpeni walau siku 14. Atakayekuwa tayari Ijumaa hii ni yule tu aliyepigiwa simu kabla tangazo halijaandikwa.