Leclerc, Magnussen na wingu la Interlagos

Ijumaa ya Novemba 11, 2022, ikikaribia saa tano usiku kwa saa zetu za Mwanza, magari ya langalanga (Formula 1) yalipanga foleni kwenye njia ya kutokea gereji pale Interlagos, São Paulo, yakisubiri taa ya kijani. Ilikuwa awamu ya tatu na ya mwisho ya kupanga nafasi za kuanzia, dakika 12 tu, magari kumi. Lami ilikuwa bado inashika, lakini wingu jeusi lilikuwa juu ya uwanja na kila timu ilijua mvua inakuja. Magari tisa yalikuwa na matairi kipara, ya lami kavu. La kumi, Ferrari ya Charles Leclerc, lilikuwa na matairi ya kashata, yenye mifereji ya kutupa maji, yale ya mstari wa kijani.

Kevin Magnussen wa Haas, aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni, alizunguka kwa dakika 1 na sekunde 11.674. Max Verstappen akaja nyuma yake kwa tofauti ya sekunde 0.203. Kisha George Russell akateleza, akanasa kwenye changarawe, bendera nyekundu ya kusimamisha magari ikatoka zikiwa zimebaki kama dakika nane, na mvua ikamwagika. Hakuna aliyeboresha muda wake tena. Haas, timu iliyomaliza msimu wa 2021 bila pointi hata moja, ikapata nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Leclerc, aliyekuwa ameacha mzunguko wake ili arudi kubadilisha matairi, hakuwa na muda wowote. Akawa wa kumi kati ya kumi.

Mwanza si mji wa langalanga. Ukitaka kibanda kijae, weka Simba na Yanga. Hata hivyo sisi wachache tunaoufuatilia mchezo huu hatujawahi kumaliza ubishi wa usiku ule. Kijana mmoja wa bodaboda Kirumba, tukiwa kwa fundi pancha, alinikazia macho na kuniuliza, "Kaka, mvua si ilikuja? Sasa kosa la Leclerc liko wapi?" Mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa akisubiri tairi lake, akamjibu kabla yangu: "Ilikuja wenzake wameshafika."

Mzee alisema kweli, ila swali la kijana linastahili jibu refu kidogo, kwa sababu historia ya mchezo huu imejaa madereva waliovaa tairi tofauti na wenzao wakatukuzwa.

Tuanze na mpira wenyewe. Pirelli ndiye msambazaji pekee wa matairi ya langalanga tangu 2011, na kwa hali ya unyevu anatoa aina mbili. Lenye mstari wa bluu ni la mvua kubwa: gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa, tairi moja hutupa nje takriban lita 85 za maji kila sekunde. Hizo ni ndoo nne za lita ishirini, na zaidi kidogo. Lenye mstari wa kijani, la kati, hutupa takriban lita 30. Tairi kipara halitupi chochote. Halina mfereji hata mmoja, na maji yakizidi linaelea juu yake. Lakini lami ikiwa kavu mambo yanageuka. Vitalu vya kashata vinayumba chini ya uzito, mpira unachemka, na sekunde kadhaa zinapotea kwenye kila mzunguko. Katikati pana eneo jembamba ambalo kipara na kijani vinakaribiana, na ubishi wote wa mchezo huu huzaliwa pale.

Wanaomtetea Leclerc hupenda kumtaja Mark Webber, na wana haki. Mwaka 2010 pale Sepang, Malaysia, mvua ikiwa imeshanyesha sana, wengi katika awamu ya mwisho waliingia na matairi ya mvua kubwa. Webber akachagua ya kati. Akachukua nafasi ya kwanza kwa tofauti ya sekunde 1.346 dhidi ya Nico Rosberg, pengo ambalo katika mchezo huu ni kama mtu amekimbia peke yake. Na hakuwa kwenye gari bovu la kujaribia bahati. Red Bull ya mwaka ule ndiyo iliyobeba ubingwa. Kwa hiyo ile hoja inayosikika sana, kwamba kamari ni ya maskini na mwenye gari zuri atulie, inaanguka hapohapo.

Au chukua Sochi, Urusi, 2021. Lami ilikuwa inakauka, wote wakiwa kwenye ya kati, na waliothubutu kuvaa kipara mapema wakapata mizunguko ya kutosha kuyapasha moto. Lando Norris akawa wa kwanza, Carlos Sainz wa pili, na Russell, akiwa kwenye Williams ambayo kwa kawaida haikuonekana huko juu, akawa wa tatu. Lewis Hamilton aligonga ukuta akiingia kubadilisha, akatengenezewa bawa la mbele, na alipotoka dakika hazikumtosha kuyapa joto matairi yake. Gari lilikuwepo na tairi sahihi lilikuwepo. Kilichokosekana ni muda.

Lakini Webber na Norris walikuwa wakicheza kamari juu ya barabara. Maji yalikuwa pale chini, wameshayapitia mzunguko mmoja au miwili, mikono yao kwenye usukani imeshawaambia lami inashika kiasi gani. Norris alijua kila gari linalopita linaifuta lami zaidi, hali inaelekea upande mmoja. Leclerc alicheza kamari juu ya wingu, na mtu anayeishi kando ya ziwa hahitaji kufundishwa tofauti yake. Hapa Mwanza mvua inaweza kuwa inaichapa Kirumba huku Buhongwa vumbi linatimka, na wote wanaliona wingu lilelile. Interlagos nayo iko kati ya mabwawa mawili makubwa, Guarapiranga na Billings, na hali yake ya hewa imewahi kuwaumbua wengi. Rada itakuambia mvua inakuja. Haitakuambia kama itagusa kona ya nne sasa hivi au baada ya dakika tatu, na mzunguko mzima pale ni dakika moja na sekunde kumi na kitu.

Sasa tufanye hesabu ambayo watetezi wa Leclerc huiruka. Tuseme mvua ingekuja vilevile walivyotaka, mapema kabisa, magari yakiwa kwenye mzunguko wa kwanza. Wale tisa wangerudi gereji, wangevaa kijani, wangetoka tena zikiwa bado zimebaki dakika tisa au kumi. Faida ya Leclerc ingekuwa mzunguko mmoja au miwili ya kuwatangulia. Ingemsaidia tu kama mvua ingezidi kuongezeka kila dakika, kiasi kwamba wanaotoka baadaye wanakuta maji mengi kuliko aliyoyakuta yeye. Yaani alihitaji mvua ianze ndani ya kama dakika moja mahususi, halafu izidi. Mvua ya kuanza ikakaa vilevile isingemfaa kitu.

Upande wa pili, mwenye kipara alihitaji jambo moja tu: mzunguko mmoja mkavu. Muda ukishaandikwa hakuna mvua ya kuufuta. Ndiyo maana namwona Magnussen kama mtu aliyefanya jambo la uangalifu kuliko wote usiku ule, ingawa magazeti yalimpamba kama mcheza kamari. Alivaa walichovaa wengine. Timu yake ilimtanguliza kwenye foleni, akapata lami nzuri zaidi kuliko waliokuwa nyuma yake, akaendesha bila kosa. Hata Russell, pamoja na kunasa kwenye changarawe, alibaki wa tatu kwa sababu alikuwa ameshaweka muda.

Hapo kijana wa Kirumba angeweza kunigeuzia kibao: kungoja nako si ni kamari? Ni kamari, tena wakati mwingine mbaya kuliko zote. Siku ileile ya Webber kule Sepang, katika awamu ya kwanza, Ferrari na McLaren ziliweka magari gereji zikiamini mvua itapungua. Haikupungua. Fernando Alonso akaishia wa 19, Hamilton wa 20, Felipe Massa wa 21. Timu kubwa, zenye wataalamu wa hali ya hewa na skrini ukuta mzima, zilimezwa na wingu kama za Interlagos, ila kwa upande wa pili. Kwa hiyo sisemi dereva akwepe hatari. Nasema Ferrari ya 2010 na Ferrari ya 2022 zilifanya kosa la aina moja: ziliacha lami iliyokuwepo zikaenda kushindania ambayo bado haijafika.

Usalama nao una sehemu yake hapa, ingawa si kubwa kama wanavyodhani wanaosema kila kamari ya matairi ni kujiua. Kipara kwenye unyevu kidogo mara nyingi huishia changarawe kama Russell. Hatari yenyewe hasa ni mvua kubwa, na pale tairi halikuokoi. Mwaka 2021 huko Spa, Ubelgiji, Sebastian Vettel alisema kwenye redio kwamba kikao kisimamishwe. Muda mfupi baadaye Norris akagonga vibaya kwenye mlima wa Eau Rouge na Raidillon. Hali ile haikuwa ya dereva kuamua kijani au bluu. Ilikuwa ya waamuzi, nao walichelewa.

Nirudi Interlagos, kwa sababu kuna kipande ambacho naona hakijasemwa vya kutosha. Ferrari walikuwa na magari mawili. Sainz alivaa kipara akawa wa tano, Leclerc akapewa kijani. Kwa timu huo ni mgawanyo wenye akili. Lolote litakalotokea, mmoja wao yuko sawa. Ila bima hiyo ilikatwa kwa jina la timu na ikalipwa na dereva mmoja. Na dereva huyo alikuwa nani? Yule aliyekuwa akipigania nafasi ya pili ya msimu dhidi ya Sergio Perez, akiwa nyuma yake kwa pointi tano tu. Sainz, kwa upande wake, tayari alikuwa na adhabu ya kurudishwa nyuma nafasi tano Jumapili kwa kubadilisha injini. Hakuwa na mengi ya kupoteza.

Najua jibu la wanaotetea uamuzi ule. Watasema kumpa Sainz kijani ni kupoteza zawadi: akishinda nafasi ya kwanza, adhabu ingemla Jumapili. Ni hoja nzuri, ila wikendi ile matokeo ya Ijumaa yalipanga mbio fupi ya Jumamosi, na mbio fupi ndiyo iliyopanga Jumapili. Zawadi ya Ijumaa ilikuwa imeshapungua thamani mikononi mwa dereva yeyote. Magnussen mwenyewe, baada ya usiku wake mkubwa, alimaliza mbio fupi wa nane, akachukua pointi moja, na Jumapili hakumaliza mzunguko wa kwanza baada ya kugongwa na Daniel Ricciardo. Russell alishinda siku zote mbili.

Leclerc alipanda kutoka wa kumi hadi wa sita Jumamosi. Mwisho wa msimu alikuwa na pointi 308, Perez 305, kwa hiyo nafasi ya pili aliipata na wengi wakaona yameisha. Kwangu hayajaisha. Kushinda kwa pointi tatu ni kuponea chupuchupu, na kama nafasi ile ingepotea, sehemu ya deni ingeandikwa kwenye zile dakika chache za Interlagos. Kama ilikuwa lazima gari moja la Ferrari livae kijani usiku ule, lilipaswa kuwa la Sainz.