Mjomba Kaongezewa Mvuto

Ukimwambia mtu wa Tabata kwamba unacheza gemu ambayo rubani wako anasoma wakati wewe umelala, atakuuliza sasa wewe unacheza nini. Swali zuri. EVE Online imetoka Iceland, ipo tangu 2003, na humo hujifunzi kurusha meli za anga kwa kuzirusha. Unapanga foleni ya masomo, saa zinahesabika, basi. Kompyuta umezima, anasoma. Umeme umekatika mtaa mzima, anasoma. Dada yangu nilipomweleza alinitazama weee, akasema, "Hiyo ungeipata ukiwa form four, leo tungekuwa mbali."

Mimi nilikuwa naitaka Golem. Ni manowari ya Wakaldari, moja ya mataifa ya humo ndani, imejaa makombora, na ikishaamua kusimama inasimama pale pale inapigwa wala haina habari. Ila huigusi mpaka umalize somo la manowari za Kaldari hadi ngazi ya tano, na ngazi ya tano ndipo ndoa za watu na gemu hii zinapovunjika. Kila somo lina ngazi tano. Hiyo ya mwisho peke yake inakula muda zaidi ya mara nne ya zile nne za kwanza ukizijumlisha. Huendi kule bila mpango.

Mpango nilikuwa nao. Jedwali la Excel, lina rangi, bajeti ya nyumba haijawahi kupata heshima ile. Rubani ana sifa tano: utambuzi, utashi, akili, kumbukumbu na mvuto, na kila somo linategemea mbili kati ya hizo. Kurusha meli ni utambuzi na utashi. Unapewa pointi 14 ugawe unavyotaka, sifa moja haipokei zaidi ya 10, na ukishagawa umegawa, tuonane mwakani. (Wageni hupewa nafasi za bonasi. Zangu zilishakwenda zamani, tusiziongelee.) Hesabu ilikuwa hivi: kumi kwenye utambuzi, nne kwenye utashi, ngazi ya tano inaisha kwa siku 31. Nafasi hiyo nilikuwa nimeitunza kama mtu anayeficha hela ya mahari.

Siku yenyewe nikafungua pale pa kugawia. Sijaweka hata pointi moja, luku ikaanza kulia. Kwenye simu sina kitu, ikabidi nitoke mbio kwa wakala. Ndani nikamwacha mpwa wangu, amekuja likizo, darasa la sita, Kiingereza chake cha shule ya kulipia. Nikamwambia asiguse kitu.

Narudi na namba zangu za luku mkononi, namkuta amekaa wima kwenye kiti changu, ana uso wa mtu aliyetoa sadaka.

"Mjomba, nimekumalizia."

"Umenimalizia nini, mjomba?"

"Si pale walikuwa wanataka ugawe? Nikaona mvuto wako uko chini kabisa. Nikakuwekea kumi zote."

Nikashika ukuta. "Na zile nne?"

"Za akili." Akasita kidogo. "Mama huwa anasema."

"Hawakukuuliza kama una uhakika?"

"Waliniuliza. Nikasema ninao."

Sasa huko angani mvuto unasaidia biashara, unasaidia kuelewana na wakubwa wa vituoni wanaogawa kazi, unasaidia uongozi. Kwenye kurusha meli hausaidii hata chembe. Utambuzi na utashi vikabaki pale pale chini kabisa, 17 kwa 17 za kuanzia, na siku zangu 31 zikawa 46. Nikabonyeza kila palipobonyezeka. Hakuna pa kurudishia. Mtoto naye kasimama pembeni ananisubiri nimwambie asante.

Usiku kikosi chetu kikakutana. Kiongozi akaniuliza kwenye maiki, Golem lini? Nikaeleza yote, mpaka ile ya mama huwa anasema. Kimya. Halafu maiki zikaanza kuzimwa moja baada ya nyingine, na mtu mzima unajua maiki inazimwa kwa nini.

Aliyerudi wa kwanza ni kiongozi mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu. Kumbe kikosi kizima hakina mtu wa masomo ya uongozi. Mwenye masomo hayo, akiwa na meli inayofaa, anawaongezea wenzake wote nguvu za ngao wakiwa vitani. Lakini masomo yenyewe yanakwenda kwa mvuto, na nani mwenye akili timamu atapoteza pointi kumi kwenye mvuto? "Wewe umeshaziweka," akasema, utadhani tulikaa kikao. Golem yangu ikashushwa mpaka mkiani mwa foleni, juu yake yakajazwa masomo ya uongozi, na kabla hatujaagana wameshaanza kuniita kamanda. Kamanda asiye na manowari.

Likizo ikaisha, mtoto akarudi kwao. Nikampigia dada nimshitakie vizuri, kwa mpangilio, na lile jedwali liko mbele yangu. Nilipofika kwenye mvuto nikasikia kishindo, simu imeanguka, na kicheko kinatokea mbali kama mtu yuko jikoni. Aliyeiokota ni mwenyewe.

"Mjomba, eti sasa hivi wewe ni kamanda?"

"Ndiyo."

"Kamanda, nitumie vocha."