Jiko la pipa la kuchemshia shira ya mepo: linalipa?

Kuanzia mwishoni mwa Februari, usiku ukiganda na mchana ukipata jua, miti ya mepo (maple) ya Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, huanza kutoa maji matamu. Watu hutoboa shina, hupachika kijibomba na kutundika ndoo. Wiki nne hadi sita tu, msimu umekwisha. Vichipukizi vikifumuka, maji huharibika ladha. Kwa wenye miti michache nyuma ya nyumba, mjadala ni ule ule kila mwaka: mtu ajiundie jiko la kuni, anunue la kiwandani, au aache tabu akanunue chupa dukani?

Hesabu ndiyo huwaangusha wengi. Maji yakitoka mtini huwa na sukari kama asilimia 2, na shira iliyoiva inataka asilimia 66 na ushei. Maana yake lita 40 hivi zinazaa lita moja, na 39 zinapaa kama mvuke. Anayechemshia jikoni kwake hukuta kuta zinatiririka maji. Ndiyo sababu kazi hii hutolewa uani, na huko kuni ndizo mkombozi.

Jiko lenyewe ni pipa la chuma la lita 200 lililolazwa juu ya miguu, mlango mbele, dohani nyuma. Mgongoni hukatwa matundu matatu ya mstatili, na kila tundu hutumbukizwa trei ya chuma cha pua, zile za kupakulia chakula kwenye bufee za hotelini. Gharama yote ni sehemu ndogo tu ya bei ya mtambo wa kiwandani, ambao hata ule mdogo kwa kawaida huvuka dola 1,000.

Wanaolipinga wana hoja nzito. Jiko la trei tatu likikausha lita 20 kwa saa, fundi amejitahidi. Chukua mtu mwenye matobo 20 kwenye miti yake, kila moja likimpa lita 40 kwa msimu: hizo ni lita 800, yaani saa 40 za kukaa mbele ya moto, apate lita 20 za shira. Kuni zitakazoteketea ni kama nusu tani, maana sehemu kubwa ya joto hupotelea kwenye dohani na kwenye mbavu za pipa. Shira hiyo, kwa bei ya rejareja ya dola 50 hadi 60 kwa galoni (karibu lita 3.8), haifiki mbali na dola 300. Gawanya kwa saa 40, na bado hujagusa muda wa kupasua kuni: unapata karibu nusu ya kima cha chini cha mshahara wa Vermont, ambacho mwaka 2025 kilivuka dola 14 kwa saa. Kama biashara, halilipi, na anayekwambia linalipa hajahesabu muda wake.

Lakini wengi wa wanaolijenga hawatafuti biashara, na hapo mizani inageuka. Kwa Waafrika Mashariki waliohamia huko, kanuni yake si ngeni. Aliyewahi kufika kwenye mitambo ya sukari guru magharibi mwa Kenya ataitambua mara moja: makarai mapana yamepangwa juu ya tanuri refu, na moto unalazimika kupita chini yake kabla ya kutokea kwenye dohani. Siri ni upana, si kina. Sufuria kubwa la kina kirefu litakukesha. Trei yenye maji ya sentimita tano huchachamaa muda wote. Ndani ya pipa, sehemu ya nyuma ijazwe mchanga au matofali ya kuhimili moto ili ndimi zipande zikaguse trei. Kuni ziwe kavu, zimepasuliwa unene wa kifundo cha mkono, na ziongezwe kidogo kidogo kila dakika kumi au chini ya hapo. Maji baridi ukiyamimina kwa pupa, mchemko unakufa. Yapashe kwanza kwenye kopo karibu na dohani, yaingie kwa kudondoka.

Kwa maoni yangu, ubahili una mahali pake: kwenye moto bana utakavyo, kwenye trei usibane. Bati lenye zinki na masufuria ya zamani yaliyounganishwa kwa risasi havifai hata kidogo, kwa sababu kinachokoleza sukari mara 30 hukoleza na sumu iliyoyeyuka humo. Pipa nalo liulizwe historia. Lililobeba mafuta linaweza kulipuka likiguswa na cheche za kukatia, na lililobeba kemikali likae mbali na chakula. Rangi yake iunguzwe kwanza nje, bila trei juu.

Kuna njia ya kati ambayo wapenzi wa moto huibeza: kichujio cha shinikizo, kinachoondoa nusu ya maji au zaidi kabla kuni hazijawashwa. Vidogo vya nyumbani hupatikana kwa dola mia chache. Wanadai kinapunguza ladha, kwa kuwa rangi na ladha ya shira huzaliwa kwenye mchemko. Sioni uzito wa hoja hiyo ikiwa nusu ya maji bado inachemshwa. Lita 400 za kukausha badala ya 800 ni wikiendi nzima umeiokoa.

Tena, hata jiko bora la pipa lisimalize kazi. Moto wa kuni haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe, na shira inayokaribia kuiva huungua ghafla. Ihamishiwe kwenye gesi hadi ifike nyuzi 4 za Selsiasi juu ya kiwango maji yanapochemkia siku hiyo, au mpaka matone kwenye ukingo wa kijiko yaungane na kuanguka kama utando. Povu likipanda, tia siagi kiasi cha ncha ya kisu.

Mwenye matobo matano au sita asihangaike kukata pipa. Trei moja juu ya matofali inamtosha. Kuanzia 20 hivi, ajenge, ila hela atakayookoa kwenye chuma aiweke kwenye kichujio.