Panga la chini ya kitanda

Nimepanga fleti ghorofa ya pili hapa Shangani, Mtwara, mwaka wa tatu sasa. Kila nikizungumza na wanaume wenzangu habari za usalama wa nyumbani, jibu ni lile lile: "Mimi nina panga langu chini ya kitanda." Wanasema hivyo na roho zao zimetulia. Naomba niseme wazi: panga linakuja mwisho kabisa, na wengi wetu tumeliweka mbele ya kila kitu.

Mwaka wangu wa kwanza, usiku mmoja wa msimu wa korosho, umeme ulikatika. Kwenye saa nane nikasikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa cha mlango wetu. Haukuwa mtaimbo, ulikuwa ufunguo, na ulizunguka vizuri tu. Kilichouzuia mlango ni komeo la ndani, ambalo mke wangu aliling'ang'ania tangu siku tuliyohamia. Nikauliza, "Nani?" Nikasikia hatua zikishuka ngazi, taratibu, kama za mtu anayeijua nyumba. Asubuhi majirani wakaniambia kwamba fleti ile ilishakaliwa na wapangaji watatu kabla yangu, na kitasa kilikuwa kile kile.

Ndiyo maana kila anayehamia namwambia abadili kitasa kabla hata hajapanga vyombo. Mwarifu mwenye nyumba, halafu mwite fundi. Mara nyingi anabadili silinda tu, yaani ile sehemu ufunguo unapoingia, hakuna haja ya kung'oa kitasa kizima. Atazame na fremu pia, kwa sababu kitasa kizuri kwenye mbao iliyooza au kwa skrubu fupi kinang'oka kwa teke moja. Komeo la ndani usilikose.

Wanaokaa chini wana balaa la madirisha. Mwizi anapitisha fito yenye ndoano, anachana wavu wa mbu, anavua simu na suruali wewe ukiwa usingizini. Hapo dawa ni kuweka vitu mbali na dirisha, basi.

Grili ndizo zinaninyima raha. Tunamwita fundi wa kuchomelea, anaziba kila dirisha, mlangoni anaweka geti la chuma lenye kufuli, tunalala tukijiona salama. Mtungi wa gesi ukishika moto jikoni na jiko liko jirani na mlango, watu wa ghorofa ya pili mtatokea wapi? Mwambie fundi dirisha moja la chumbani aliwekee grili ya bawaba, ifungwe kwa kufuli kwa ndani. Ufunguo utundikwe ndani ya chumba hicho hicho, mahali mkono wa mtu wa nje haufiki, na watoto wapajue. Namba ya Zimamoto ni 114, ya polisi ni 112. Zibandikeni ukutani, maana kwenye hofu mtu husahau hata namba ya mkewe.

Sasa panga. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mwenzako na kulinda mali yako, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Mtu akishakimbia, au akishakamatwa na kufungwa kamba, hajilindi tena anayempiga. Huyo anatenda kosa, na mtu akifa mikononi mwake ni kesi ya mauaji. Halafu ngazi zetu ni nyembamba na gizani hakuna anayemtambua mwenzake. Wa kwanza kupanda ngazi ukipiga kelele ni jirani yako aliyekuja kukusaidia, naye ndiye atakayekutana na panga lako.

Jengo letu lina kaya nane. Baada ya usiku ule tulikaa uani, akiwepo mjumbe wetu, tukakubaliana mambo mawili. Mlango mkuu wa chini unafungwa saa nne usiku, na kila kaya ina ufunguo wake. La pili, hakuna kupiga kelele za "mwizi!" Neno hilo linaita mtaa mzima, na mtaa ukifika haumuulizi mtu jina. Tunapiga filimbi na kutaja mlango: "Mlango wa tano!" Wa karibu wanatoka na tochi, wengine wanapiga simu polisi.

Mwezi uliopita filimbi ililia saa tisa usiku. Tulitoka watu wanne, tochi zote zikamulika kwenye ngazi. Alikuwa kijana, mwanawe mama wa chini. Basi lake la kutoka Dar liliharibika njiani na simu ilimzimikia, akampata jirani wa mlango mkuu akamfungulia, kisha akapitiliza ghorofa akigonga mlango usio wao. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, begi limemwangukia miguuni, anatetemeka. "Shikamooni," alisema. Mama yake alipanda na kanga moja, akamshika mkono, na sisi wengine tukabeba begi hadi kwao.